Poleni ya Marakuja

Yaya Faida,

Nimekaa kwenye kibao chako nyuma ya jiko, pale ulipopanga glasi tatu ukasema ni laboratori, na Mama akasema ni glasi zake za wageni. Leo ni Jumapili. Mama amebaki kanisani na wamama wenzake, mvua ilinyesha asubuhi ikaacha, na miye niko peke yangu na kuku. Naandika mbio, kwa sababu nikisimama kufikiri nitaona haya, hata mbele yako, hata sasa ambapo huwezi kunikatiza. Unanijua, dada yangu, mimi mdogo wako.

Kwanza nikutoe wasiwasi: marakuja yetu ingaliko. Najua hilo ndilo ungeuliza hata kabla ya kuuliza kama tumekula. Miche yote miwili imeshika bambu zote ulizosimamisha, imevuka ukuta, imeanza kuchungulia kwa majirani kama inatafuta umbeya. Lakini ilibaki kidogo sana isiwepo. Ndiyo habari niliyotaka kukuletea.

Unakumbuka ile siku ya poleni? Ulikuwa umerudi likizo kutoka chuo cha kilimo na mfuko wa nguo chafu na kichwa kilichojaa maneno mapya. Ukanivuta mkono mpaka kwenye ua moja lililofunguka mchana ule, ukaligusa kwa kidole, kidole kikatoka na unga wa manjano. Ukasema kwa sauti yako ile ya kusikika mpaka barabarani: "Angalia, hii ndiyo poleni!" Na Mama, aliyekuwa jikoni anachekecha unga wa muhogo, akaitika kwa hofu: "Poleni ya nani? Ni nani alikufa?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye matope. Mama akatoka na chekecheke mkononi, hajaelewa, amekasirika kwa sababu ya kuogopeshwa bure. Ukamweleza kwamba ni neno la Kifaransa, kwamba ni ule unga wa dume la ua, kwamba kwenye vitabu vya Kiswahili wanasema chavua, kama wanavyoiita marakuja pasheni, lakini hapa Nyamianda ni nani alishasikia chavua? Mama akajibu: "Basi batafute jina lingine. Hilo liko na wenyewe." Tangu hapo, kila tulipokwenda kwenye kilio cha jirani, tulikuwa tunaogopa kuangaliana.

Siku ileile ulinifundisha kwa nini mvua inatuangushia maua. Ulikinga maji ya mvua kwenye glasi ya kwanza. Kwenye ya pili, maji ya mvua na sukari. Kwenye ya tatu, maji ya mvua, sukari, matone ya siki iliyokaa na ganda la yai mpaka ikaacha kutoa povu, na ile poda nyeupe ya farmasi ya kuoshea macho, asidi boriki, kidogo tu. Ulisema kila chembe ya poleni inataka kuota mrija, mwembamba kuliko unywele, ushuke ndani ya ua mpaka kwenye mayai yake. Bila mrija hakuna tunda. Na mrija haujengwi na maji matupu. Unajengwa na vitu vilivyoyeyuka humo ndani, kalsiamu ya lile ganda, boroni ya ile poda, vipande vya chumvi vilivyoachana, kila kimoja na chaji yake. Ioni. Neno hilo nilikuwa nimelikariri darasani kwa Kifaransa nikapewa pointi nzuri, bila kujua kwamba kuna kiumbe kinachozila.

Nikakuuliza zinaingia namna gani, kwa kuwa chembe haina mdomo. Ukasema: "Fikiria Kavimvira." Ngozi ya chembe ni mpaka. Mama amekwenda pale na vikapu vyake mara ngapi, kuwauzia Warundi? Si kila mtu anapita kila mlango. Kalsiamu ina mlango wake, potasiamu ina wake. Wengine wanateleza wenyewe kwa sababu upande wa pili kuna nafasi, wengine lazima wasukumwe, na wengine hawavuki mpaka washikane mkono na mwenzao, kama Mama anavyomshika mama jirani ili wa duane, wale wa forodha, waone ni familia moja. Sukari ni ya namna hiyo, ulisema, haipendi kuvuka peke yake. Ni maji tu yasiyo na adabu. Yakikuta ndani kumejaa vitu na nje hakuna kitu, yanaingia, yanaingia, mpaka chembe inapasuka. Hiyo ndiyo mvua juu ya marakuja yetu.

Na ukaniambia jambo moja ambalo halijanitoka. Ulisema kalsiamu inaingia hasa kwenye ncha ya mrija, na upande inapoingia kwa wingi, huko ndiko mrija unakogeukia. Kitu kisicho na macho, ambacho hakijawahi kufika kinakokwenda, kinaonja njia.

Tuliangalia glasi zote kwa ile lupe yako, kioo cha kukuzia kilichopasuka pembeni. Hatukuona kitu. Vumbi la manjano tu. Ukasema chuoni ulishaona mrija kwa macho yako, lakini wa ua lingine, lile la waridi wanalopanda mbele ya ofisi. Wa marakuja yetu bado. "Siku moja nitaazima mikroskopi tuuone wote, na Mama pia." Ndivyo ulivyosema.

Juu ya ile wiki sitaandika sana. Kolera ilikukuta bondeni Ruzizi, kwenye mafunzo yako ya mpunga. Mto ulikuwa umefurika, njia imekatika, na moto, ile pikipiki iliyokubeba, ilizunguka mbali. Simlaumu mtu. Ulipofika hospitali, mwuguzi alikutundikia maji kwenye mshipa, na ulipozinduka akanipa kikombe cha serumu nikunyweshe pole pole. Nadhani niliangalia kile kikombe kama mjinga, kwa sababu alinieleza bila mimi kuuliza: "Maji peke yake hayakai, mdogo wangu, yanapita tu. Chumvi ndiyo inayashika, na chumvi inaingia na sukari, mkono kwa mkono."

Nilikuangalia. Ulikuwa umefumba macho, lakini mdomo ulicheka. Ukaonja, ukasema kwa ile sauti iliyokauka: "Glasi ya tatu." Na baada ya kupumzika: "Weye, usinitie kwenye mikroskopi."

Hayo ndiyo ya mwisho niliyoyaelewa. Mengine ulisema na Mama, na Mama hajaniambia, na sijamuuliza.

Sasa nikuungamie kitu ambacho sijamwambia hata padiri. Kwenye kilio chako nilicheka. Watu walikuja wengi, Yaya, ungeshangaa. Wajomba walishuka kutoka Lemera wamelowa miguu, wanafunzi wenzako walikuja, hata yule mwuza mkaa mliyekuwa mnagombana naye. Tulikaa kwenye mkeka, mimi kati ya Mama na Shangazi, na wote wakapita mbele yetu. Poleni. Poleni sana. Poleni wapendwa. Poleni. Nami nikaona kidole chako cha manjano. Nikamsikia Mama wa siku ile akiuliza ni nani alikufa. Nikajifunika uso na kitenge cha Shangazi, mabega yanatikisika, na watu wakasema masikini, muacheni alie. Nilikuwa nacheka, Yaya. Nilikuwa nacheka na wewe, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine pale ambaye angeelewa. Halafu nikalia. Sijui ni wapi kimoja kiligeuka kuwa kingine, mishono haionekani.

Baada ya matanga Mama hakuja tena huku nyuma. Maji ya kupika alinituma mimi, nguo alianika mbele, barabarani, yeye ambaye alikuwa anawasema wanaoanika barabarani. Mvua ikaanza, na marakuja, kama kawaida yake, ikajaa maua. Siku hiyo Mama akaja. Akasimama hapa hapa, akaiangalia kuanzia chini mpaka juu, akasema:

"Nitakata hii kitu. Kila mvua inajaa maua, batu banapita banasema mama huyu atauza mwaka huu, kisha yote chini. Inanidanganya. Na kila nikiiangalia namuona Faida."

Hiyo ya mwisho aliisema chini chini, kama anaongea na sufuria. Kisha akaniambia nikamwite jirani aje na panga.

Yaya, unajua nikitumwa naenda. Sijawahi kumkatalia Mama kitu. Shuleni wananiita Radio Isiyo na Mabuye, yaani isiyo na mawe ya betri: iko pale mezani, ina umbo la radio, hakuna aliyeshaisikia. Kifaransa kinaniganda kooni, Kiswahili kinaniganda tumboni. Wewe ndiye ulikuwa unasema badala yangu, dukani, kanisani, kwa wageni. "Riziki anataka hivi, Riziki hapendi vile." Nikawa nimezoea. Siku ile nilifungua mdomo nikingojea useme.

Kisha nikaenda nikasimama kati ya Mama na bambu. Nikasema, "Mama, unipe maua ya mvua hii."

"Maua ya kufanya nini?"

"Ya Yaya."

Mama alinitazama, na nikaona kwamba alikuwa anaangalia kama kweli ni mimi nimesema. Akajibu: "Mvua hii moja. Yakianguka yote, nakata mwenyewe kwa mikono yangu, na sitaki kuona machozi ya mutu."

Basi nikajua nina kazi. Ungekuwepo ungenipiga mgongoni na kuniambia tuanze. Nilianza.

Mikroskopi ya shule iko kwenye kabati ya prefe, mkuu wa shule, imefunikwa na kitambaa kama sanamu ya kwaresima. Ili uiguse lazima Prof wa biolojia akuombee, na ili Prof akuombee lazima umwambie kitu. Nilijizoeza sentensi njia yote kutoka nyumbani. Niliisema kwa mbuzi, niliisema kwa ukuta wa shule, nikaisema mbele ya Prof mwisho wa somo, kwa Kifaransa, na mwisho wake nikaupoteza nikaumalizia kwa Kiswahili. Prof akavua miwani. Kabla hajajibu, Bahati, yule wa dawati la nyuma anayechekesha hata siku ya mtihani, akapiga kelele: "Wazazi wangu! Wamemtilia mabuye!" Darasa lote likaanguka. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini, Yaya, hata mimi nilisikia kwamba ni utani mzuri.

Prof alinyamazisha watu akaniuliza maswali. Ua gani. Maji gani. Kwa nini ganda la yai. Nilijibu kila moja, nikiangalia viatu vyake. Akasema nitapata mikroskopi wakati wa mapumziko, kwa sharti moja: siku ya wazazi nitasimama niwaonyeshe watu wote, kwa Kiswahili, waelewe. Nikasema ndiyo. Nadhani nilisema ndiyo ili aache kuniangalia.

Mara ya kwanza ilikuwa aibu. Nilitengeneza glasi zako tatu kwa kukumbuka, kwa kuwa hukuniachia vipimo vyovyote, vilikuwa vyote mikononi mwako. Glasi ya kwanza ilifanya kama ulivyosema: nilidondosha poleni kwenye tone la maji ya mvua, nikaweka jicho, na chembe zilivimba zikapasuka moja baada ya nyingine, zikitapika vitu vyake kama moshi. Ya pili zilivimba, chache zikatoa kitu kifupi, nacho kikapasuka. Ya tatu, hakuna. Chembe zimekaa kama mchanga. Nilingoja mpaka kengele ikalia. Mchanga.

Nilirudi nyumbani nikimuona jirani na panga yake kila kona. Nikakaa kwenye kibao hiki, nikachukua kisu cha jikoni nikachota ile poda kama nilivyofanya, na hapo ndipo nikakuona, Yaya, jinsi ulivyonikamata mkono siku ile. "Ncha ya kisu, weye, siyo tumbo la kisu! Unataka kuilisha au kuiua?" Na ile ncha hukuitia kwenye glasi. Uliitia kwenye dumu zima la maji, ukatikisa, kisha ukachota kijiko kimoja tu. Mimi nilikuwa nimemwaga tumbo la kisu kwenye glasi moja. Boroni kidogo inajenga mrija; ikizidi inakuwa sumu, na poleni haina namna ya kusema imeshiba.

Mara ya pili nilifanya kwa dumu. Mapumziko ya kwanza nikadondosha poleni, mapumziko ya pili nikarudi. Nikaweka jicho.

Natamani ningekuwa na maneno. Zilikuwa zimeota. Kila chembe ya duara ilikuwa imetoa mrija, angavu kama uzi wa nailoni wa wavuvi, na ndani ya mrija vitu vidogo vidogo vinakimbia, vinakwenda kwenye ncha na kurudi pembeni, kama soko la asubuhi. Mingine ilikuwa imejikunja, mingine imenyooka, kila mmoja unaonja wa kwake. Nilisema "Yaya" kwa sauti. Bahati alikuwa ameingia kunichokoza akauliza, "Anaita nani, huyu?" Nikampisha. Aliinama akiwa bado anacheka, kisha kicheko kikamwisha. Akasema polepole: "Iko inatembea. Weye Riziki, iko inatembea!" Na kuanzia siku hiyo ndiye anayenibebea dumu, na haruhusu mtu mwingine kuligusa.

Lakini kuona hakutoshi, Mama hauzi mirija. Ilibidi kuzuia mvua isifike kwenye poleni kabla haijashika. Kila mchana maua yanapofunguka, nilichukua poleni ya mche wa ukutani nikaipaka kwenye vile vidole vitatu katikati ya maua ya mche wa jikoni, na ya jikoni nikaipeleka ukutani, kwa sababu ulisema marakuja ya manjano haikubali poleni yake yenyewe. Kisha nikakunja jani la mgomba kama kifuko cha karanga, nikalivalisha ua kichwa chini, nikabana na mwiba. Mengine niliyaacha wazi kwa kusudi, tuone. Bahati alikuja akaona marakuja nzima imevaa vile vikofia akasema: "Maua yenu yanakwenda misa gani?" Nami nikamjibu, Yaya, nikamjibu hapo hapo: "Ya kwako, ya kukuombea akili." Alishtuka kuliko siku ya Prof.

Mama alikuwa anapita, anaangalia pembeni. Ila asubuhi moja nikakuta majani ya mgomba yamewekwa kwenye kibao, yameshapanguswa na kitambaa, yamekatwa kwa kipimo kinachotakiwa. Nilipomwangalia alikuwa anafagia pale pasipo na uchafu.

Mvua ilipiga. Ilipiga ile ya kwetu, ya kushuka mlimani na mawe. Maua yaliyoachwa wazi yalianguka yote, yalifunika udongo. Nilifungua vikofia kimoja kimoja. Mengi yalikuwa na kitu nyuma ya ua, kijani, kidogo kama kifungo cha shati. Nilimwita Mama. Akakigusa kwa kucha. Akasema: "Ni bahati tu. Nayo itaanguka." Lakini sauti haikuwa ile ya panga.

Ndipo ikafika siku ya wazazi. Sikulala vizuri, sikula. Sala ya shule, ule ukumbi mkubwa, ilijaa, wazazi kwenye mabenchi, watoto madirishani, Mama mstari wa pili amevaa kile kitenge cha kijani ulichompa, mara ya kwanza tangu kilio. Prof akaniita. Nilikwenda mbele, mikroskopi imewekwa mezani kwenye mwanga, glasi tatu pembeni yake. Nikawageukia watu. Na kila kitu kikatoka kichwani. Kifaransa kikatoka, Kiswahili kikatoka. Niliona midomo ya watu, macho ya watu, nikaanza kusikia ile minong'ono ya kunihurumia, ambayo ni mbaya kuliko kuchekwa. Nikajua nikikaa chini sasa nimekaa chini moja kwa moja. Wewe hukuwepo wa kusema badala yangu. Nikatafuta neno moja, lolote, la kuanzia. Likaja lile lile. Nikasema kwa nguvu:

"Poleni..."

Na sala nzima ikaitika kwa sauti moja: "Asante!"

Yaya. Wote. Wababa, wamama, hata prefe. Walidhani nawapa pole ya mvua na njia mbaya. Nilishika meza. Nikamtafuta Mama, na Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, macho yamejaa, mabega yanatikisika kama yangu kwenye mkeka. Hapo nikajua kwamba anakumbuka. Kumbe hatukuwa wawili tu tuliobeba ule utani. Yeye naye aliubeba kilio chote, peke yake, upande wake.

Basi nikacheka mbele ya watu wote, na sauti ikaja nyuma ya kicheko. Nikawaambia hapana, wazazi, hamkufiwa, hii ni poleni nyingine. Nikawaeleza juu ya Kavimvira. Nikawaeleza juu ya milango, wanaosukumwa na wanaoshikana mkono, na maji yasiyo na adabu. Nikawaeleza ganda la yai na ncha ya kisu. Mama mmoja akauliza kama ni kama serumu ya watoto, ya sukari na chumvi, nikasema ndiyo, mama, ni ndugu yake, nayo inapita kwa kushikana mikono. Niliisema bila kulia. Nikawaambia dada yangu Faida ndiye aliyenifundisha, na jina lako likatoka lote, halikukatika.

Kisha wakapanga mstari kuangalia. Mama alifika. Hakujua aweke jicho gani, nikamshika kichwa taratibu, kama unavyomshika mtoto. Nilimwekea kwanza tone la maji ya mvua. Akaangalia zinavyovimba na kupasuka, moja, nyingine, nyingine. Kisha akanong'ona, siyo kwangu, bali kwa zile chembe mle ndani:

"Poleni, banangu. Poleni."

Nikamwekea tone la glasi ya tatu. Alikaa hapo mpaka watu nyuma wakaanza kukohoa. Bahati akajaribu kumwambia "Mama, na sisi tuko hapa," akapigwa jicho akarudi nyuma. Mama alipoinuka, alifuta jicho lililokuwa kwenye mikroskopi, na lile lingine pia. Akaniuliza: "Faida aliona hii?"

Nikamwambia ukweli: "Ya ua lingine. Hii yetu hakuiona."

Akatikisa kichwa, akatengeneza kitenge. "Basi tumeona kwa ajili yake," akasema.

Tulipofika alipita moja kwa moja huku nyuma, akazunguka marakuja yote, akafunga upya bambu moja iliyolegea. Panga aliyokuwa ameiazima alimrudishia jirani mwenyewe, jioni hiyo hiyo, na nilisikia akimwambia: "Hatutaihitaji. Mutoto wangu iko na kazi pale."

Vile vifungo sasa ni matunda, Yaya. Yamevimba, bado kijani, mazito, yananing'inia juu ya kichwa changu ninapoandika. Mji uko namna unavyojua, mengine sitakuandikia, na mto ule ule ukifurika bado unakata njia. Ila nimeshajua ninachotaka. Nimemwambia Prof nachagua biolojia na kemia, na baadaye nitakwenda kwenye chuo chako. Potasiamu hatukuifikia, ulisema ni habari ya siku nyingine. Nitaifikia. Nataka kujua kila mlango wa ule mpaka, nani anapita, kwa nguvu gani, akiwa na nani. Nakuahidi pia kitu kidogo ambacho kwangu ni kikubwa: sitangoja tena mtu aseme badala yangu. Nikikosa neno nitaanza na lile letu, na watu wataitika wanavyotaka.

Namsikia Mama mlangoni, amerudi. Jua limetoka, na maua ya leo yameanza kufunguka. Anavua viatu vya kanisani, anaita kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa yako kabla ya kuwa yake: "Riziki! Weye! Kuja na majani, poleni yako haitangoja!"

Umesikia alivyolisema? Bila hofu, kama jina la kitu.

Nakuacha hapa, Yaya. Lala. Mikono yangu itakuwa ya manjano mpaka jioni.

Mdogo wako,
Riziki